Türlü ya Kituruki bila nyama: maji ni ya mboga zenyewe

Türlü nyingi huharibiwa na kikombe cha maji. Mpishi aliyezoea mchuzi anaona mboga zimejaa sufuria hadi juu, hazijaloa, na anaingiwa na hofu kwamba zitaungua. Anamimina vikombe viwili, na baada ya nusu saa ana supu nyekundu yenye viazi vinavyoelea na zukini, mboga ya jamii ya boga inayofanana na tango, iliyokwisha kuyeyuka. Chakula hiki hakitaki hivyo. Türlü ni mboga mchanganyiko zinazoiva taratibu katika mafuta na katika maji zinayoyatoa zenyewe, mpaka kinachobaki chini ya sufuria ni rojo zito linalong'aa, la kuchovyea mkate.

Nchini Uturuki ni chakula cha nyumbani, na pia cha migahawa midogo iitwayo esnaf lokantası, ambako vyakula vilivyopikwa asubuhi hupangwa kwenye sinia na mteja huchagua kwa kuonyesha kidole. Nyumba nyingi hutia vipande vya nyama ya kondoo au ya ng'ombe. Hata türlü isiyoonekana nyama huenda imepikwa kwa supu ya mifupa au siagi, kwa hiyo asiyekula kitu cha mnyama hana budi kuuliza kabla ya kuagiza. Ukipika mwenyewe shaka hiyo haipo, na ladha haipungui hata kidogo, kwa sababu Waturuki wana desturi nzima ya kupika mboga bila nyama: zeytinyağlı, mboga zinazopikwa kwa mafuta ya zeituni, zikaachwa zipoe ndani ya sufuria na kuliwa zikiwa vuguvugu au zimepoa kabisa. Desturi hiyo ina nguvu hasa upande wa bahari ya Aegean, karibu na mashamba ya mizeituni ya Ayvalık na Edremit. Njia ninayoieleza hapa ni ya zeytinyağlı, ikitumika kwa mboga za türlü ya kiangazi.

Kwa watu wanne, tayarisha mabilingani mawili ya wastani (gramu 500), nyanya nne au tano zilizoiva vizuri (gramu 500), zukini mbili changa (gramu 300), viazi viwili (gramu 300), mishiri, yaani maharagwe machanga yanayoliwa pamoja na ganda lake (gramu 200), pilipili hoho moja kubwa (gramu 150), vitunguu maji viwili (gramu 200) na punje nne za kitunguu saumu. Mafuta ya zeituni mililita 80, na kijiko kimoja kikubwa cha kumalizia. Nyanya ya kopo kijiko kimoja kikubwa. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kijiko cha chai kimoja, maji ya moto mililita 150. Hayo ndiyo maji yote.

Anayeona mililita 150 ni kidogo mno na apige hesabu. Nyanya na zukini ni maji kwa takriban asilimia 95, bilingani na hoho zaidi ya asilimia 90, kitunguu karibu asilimia 89, na hata kiazi, kinachoonekana kikavu, ni maji kwa karibu asilimia 80. Katika kilo 2 na gramu 150 za mboga hizo, zaidi ya kilo 1.8 ni maji. Hayatoki yote, lakini yanayotoka yanatosha na kuzidi. Maji ya moto unayotia mwanzoni yana kazi moja tu: kuvianzisha viazi na mishiri kabla nyanya haijaingia.

Kwa nini vitangulie? Kwa sababu ya tindikali ya nyanya. Seli za mboga zimeshikamanishwa na pektini, gundi yake ya asili, na pektini ndiyo inayolegea tunaposema mboga imeiva. Penye tindikali hulegea polepole sana. Ukitia viazi na mishiri pamoja na nyanya tangu mwanzo, bilingani litaiva, zukini itavurugika, na kiazi bado kitakuwa kigumu katikati. Wengi hudhani moto ni mdogo, wanauongeza, na chini kunaungua. Dakika kumi za mboga hizo mbili peke yake, ndani ya maji yasiyo na nyanya mbichi, huondoa tatizo lote. Kijiko cha nyanya ya kopo hakina uzito wa kuleta madhara hayo.

Sasa mboga moja moja, maana sufuria hii ina mboga saba zenye tabia saba, na zote zinatakiwa kuiva wakati mmoja. Ukubwa wa kipande ndio unaozisawazisha.

Bilingani lina kazi kuliko nyingine. Chagua lenye ngozi inayong'aa na kikonyo kibichi. Lililozeeka huwa na mbegu za kahawia ndani, nazo ni chungu. Waturuki hulimenya kwa mistari, ukanda wa ngozi unatoka, ukanda unabaki, ili kipande kishikwe na ngozi kisipondeke na wakati huohuo ngozi isiwe nyingi ikasumbua mdomoni. Kata vipande vya sentimita 3, vitie kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, vikandamize kwa sahani visielee, uache dakika 20 hadi 30. Bilingani bichi lina mashimo ya hewa na hunyonya mafuta kama sifongo. Chumvi huvuta maji kutoka ndani, mashimo yanajikunja, na mafuta yanabaki kwenye sufuria yanakotakiwa. Maji hayo pia huzuia vipande kugeuka vyeusi vikisubiri. Yamwage, vikamue kwa viganja bila kuviponda, vipanguse kwa kitambaa safi. Kipande kilichoachwa kimelowa ni njia nyingine ya kuingiza maji sufuriani bila kujua.

Kwa soko la Afrika Mashariki, tafuta bilingani la zambarau, jembamba na refu likipatikana, maana ndilo linalokaribia la Uturuki. Ngogwe hazifai hapa. Ni tamu katika mchuzi wake wenyewe, lakini uchungu wake huenea kwenye kila kipande cha sufuria hii.

Viazi vikatwe vipande vya sentimita 3 pia, hata zaidi kidogo kama ni aina inayopasuka haraka. Shangi ya Kenya, kwa mfano, huiva upesi na kumeguka pembeni. Ikate kubwa, na upunguze zile dakika kumi ziwe sita au saba. Viazi vya kubaki imara huvumilia vizuri zaidi. Mishiri hukatwa ncha zote mbili, na kama ina uzi pembeni uvutwe, kisha vipande vya sentimita 4 hadi 5. Usiitake ibaki ngumu ya kutafunika kwa sauti. Kwa mapishi haya maharagwe machanga huiva hadi yakalegea kabisa, na ule ulaini ndio ladha yake. Mishiri myembamba inayolimwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania kwa soko la nje huiva haraka kuliko ile bapa ya Kituruki, ayşekadın, na inafaa kabisa.

Zukini ndiyo dhaifu kuliko zote. Usiimenye, kwangua tu madoa, na uikate minene, sentimita 3 hadi 4, kuliko unavyodhani inafaa. Kubwa iliyokomaa ina moyo wa mbegu wenye maji mengi. Utoe kwa kijiko. Hoho ikatwe vipande vipana. Waturuki hutumia pilipili ndefu nyembamba za kijani, sivri biber, zenye ganda jepesi. Hoho yetu nene ina harufu kali zaidi, ndiyo maana naweka moja tu. Mbili huimeza sufuria nzima.

Nyanya usizikate vipande. Zikate nusu, kisha kwangua upande wa ndani kwenye kifaa cha kukwangulia karoti hadi ngozi ibaki mkononi. Unapata nyanya laini bila maganda yanayojikunja na kuelea. Nyanya ndefu zenye nyama nyingi, kama Rio Grande, ni bora kuliko za duara zilizojaa maji na mbegu. Ukiwa na za duara tu, punguza yale maji ya moto yawe mililita 100.

Sufuria iwe nzito na pana, sentimita 26 hadi 28, ili mboga zisipangane juu sana. Sufuria nyembamba ya alumini huchoma chini kabla juu hakujapata joto, na tindikali ya nyanya ikikaa humo muda mrefu huacha ladha ya bati. Kama ndiyo uliyonayo, ipikie, lakini chakula kikipoa kihamishe.

Weka mililita 80 za mafuta na vitunguu vilivyokatwa nusu duara, tia chumvi kidogo kutoka katika kile kipimo, na ukaange kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10. Hapa mkono wa mpishi wa kwetu hutaka kukaanga hadi kitunguu kiwe kahawia. Uzuie. Kitunguu kilegee, kiangaze, kitoe utamu. Kikibadilika kahawia kinaleta ladha ya pilau ambayo hapa si mahali pake. Tia kitunguu saumu kilichokatwa vipande vinene na nyanya ya kopo, ukoroge dakika moja au mbili hadi mafuta yageuke rangi ya machungwa na ile harufu ya ubichi iishe. Tia mishiri, geuza dakika tatu mpaka rangi yake ya kijani ichangamke, kisha viazi, kisha maji ya moto. Yawe ya moto kweli, maana maji baridi hukata moto uliokwisha kujengeka na kuongeza dakika bure. Funika dakika kumi.

Baada ya hapo hakuna kukoroga tena. Panga bilingani juu ya viazi, kisha hoho, kisha zukini, ukinyunyiza chumvi kidogo kila tabaka. Nyanya iliyokwanguliwa imiminwe juu kabisa pamoja na sukari. Sukari si ya kufanya chakula kiwe kitamu kama kitindamlo; hulainisha ukali wa nyanya, na katika vyakula vya zeytinyağlı kijiko hicho kidogo ni kawaida. Ngumu chini, laini juu. Chini kuna moto na majimaji, juu kuna mvuke peke yake, na zukini inataka mvuke.

Funika, tumia moto wa kati hadi usikie kububujika pembeni, halafu uteremshe hadi mdogo kabisa. Dakika 30 hadi 35. Katika dakika 20 za kwanza usifungue. Mvuke unaotoka ni sehemu ya maji uliyohesabu, na mara nyingi anayefungua kila dakika tano ndiye anayelazimika kuongeza maji baadaye. Ukiwa na wasiwasi, shika masikio ya sufuria na uitikise polepole. Ikiteleza, chini hakujashika. Kwa jiko la gesi ambalo moto wake mdogo bado ni mkubwa, weka kikaango chakavu kati ya moto na sufuria. Kwa jiko la mkaa, toa makaa kadhaa na ufunike yaliyobaki kwa majivu. Chakula hiki kinauzoea mkaa vizuri kuliko gesi, mradi uanze kuupunguza kabla ya kutia bilingani, si baada.

Pima kwa ncha ya kisu kwenye kiazi na kwenye mshiri mmoja, usipime zukini. Vikipita bila kukwama, zima. Kama maji yamezidi, usiendelee kuchemsha sufuria wazi kwa nusu saa, maana zukini haitasalimika. Inamisha sufuria, chota majimaji kwa upawa, yachemshe peke yake kwenye sufuria ndogo kwa moto mkali hadi yabaki nusu, uyarudishe. Hii ndiyo tiba bora ninayoijua ya türlü iliyokuwa nyepesi, na rojo linalopatikana huwa na ladha iliyokolea kuliko lile ambalo halikuhitaji tiba. Kama kinyume chake pamekauka kabla viazi havijaiva, ongeza vijiko vitatu vya maji yanayochemka pembeni ya sufuria, si juu ya mboga.

Baada ya kuzima, acha sufuria imefunikwa dakika 30. Viazi na bilingani hunywa sehemu ya rojo wakati huo, na mafuta yaliyotengana hurudi kushikana na nyanya. Ukipakua papo hapo utaona maji upande mmoja na mafuta upande mwingine, na utadhani umekosea vipimo. Mimina kile kijiko cha mwisho cha mafuta mabichi ya zeituni, nyunyiza majani ya pasli yaliyokatwa.

Kuhusu mafuta, mililita 80 zinawashtua wengi, hasa kwa bei ya mafuta ya zeituni Dar es Salaam au Nairobi. Kwa watu wanne ni vijiko vikubwa vitano na kidogo, na ndiyo yanayobeba harufu na kulipatia rojo uzito wake. Ukipunguza chini ya mililita 50 unapata mboga za kuchemsha. Afadhali alizeti ya kutosha kuliko zeituni ya kubania. Alizeti si ugeni: eneo la Trakya, karibu na Edirne na Tekirdağ, hulima alizeti kwa wingi na Waturuki hupikia kila siku. Tumia alizeti kupikia, na uweke zeituni kwenye kijiko cha kumalizia tu. Mafuta ya nazi na tui yaache. Mchuzi wa mboga wa tui ni chakula kizuri chenye haki yake, lakini nazi hufunika nyanya na bilingani, na mafuta yake huganda chakula kikipoa, wakati türlü hii huliwa ikiwa imepoa.

Viungo vivyo hivyo. Hakuna bizari, hakuna tangawizi, hakuna unga wa mchuzi wa pakiti. Pilipili manga kidogo, na kwa anayependa, pilipili nyekundu iliyokaushwa na kupondwa chembechembe, pul biber. Kinacholeta kina cha ladha Uturuki ni salça, nyanya au pilipili nyekundu zilizosagwa, zikatiwa chumvi na kukaushwa juani mwishoni mwa kiangazi. Gaziantep na Antakya zinajulikana kwa salça ya pilipili. Huwa na chumvi nyingi kuliko nyanya ya kopo, hivyo ukiipata punguza chumvi iwe kijiko cha chai kimoja. Walio Ujerumani watakuta makopo yake katika duka lolote la Kituruki. Aliyeko mbali anaweza kuchoma hoho nyekundu mbili motoni hadi ngozi iwe nyeusi, azimenye, azitwange, na kukausha rojo lake kwenye kikaango na chumvi kidogo hadi liwe zito. Kijiko kimoja cha hilo pamoja na nyanya ya kopo hubadilisha sufuria nzima.

Bamia huingia türlü nyingi, na mimi huitia ikiwa changa tu. Chonga kichwa kwa mzunguko, kama ncha ya penseli, bila kutoboa ndani. Ilowekwe katika maji ya limau dakika 20, isuuzwe, ipangwe juu dakika 20 kabla ya kuzima; kwa ajili yake tu fungua mapema, mara moja na upesi. Ikitobolewa, ute wake humwagika na kugeuza rojo lote. Msimu wa baridi Waturuki huacha bilingani na zukini na kushika liki (mboga ndefu ya jamii ya kitunguu), karoti na viazi, pamoja na vijiko viwili vya mchele wa kufunga rojo na maji ya nusu limau. Mpango ni uleule, ila limau iingie mwisho, kwa sababu ya ile tindikali.

Mwenye oveni na chungu cha udongo ana njia nyingine, ile ya güveç. Panga mboga kwa utaratibu uleule baada ya kukaanga kitunguu na kuanzisha viazi na mishiri kwenye sufuria, funika, oveni ya nyuzi 180, dakika 60, halafu ufunue dakika 15 za mwisho ili juu kushike rangi. Chungu kipya kilowekwe maji kwanza, na kiingie oveni ikiwa baridi, la sivyo kitapasuka. Ladha ya güveç ni nzito zaidi, inafaa kuliwa ya moto.

Uturuki türlü huja na pilau ya bulguri (ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa) au mchele, mkate mweupe, na mara nyingi mtindi pembeni. Mtindi hapa haupo, kwa kuwa nao watoka kwa mnyama, na wala pengo halionekani ukiweka kachumbari ya tango yenye limau na majani ya mnanaa. Angalia pilau, maana kwa desturi hupikwa na siagi. Kwa bulguri nene, kaanga kikombe kimoja katika vijiko viwili vya mafuta, tia vikombe viwili vya maji yanayochemka na chumvi, funika moto mdogo hadi maji yakauke, kama dakika 12 hadi 15, uache ipumzike. Wali mweupe usio na nazi unafaa. Ugali pia unafaa sana, kwa kuwa rojo ni zito na halikimbii kwenye tonge.

Siku ya pili türlü huwa nzuri kuliko ya kwanza, ila si kwa kuiacha juu ya meza. Kula ikiwa na joto la chumba ni jambo moja, kuilaza nje usiku kucha katika joto la Mombasa ni jingine. Ndani ya saa mbili iingie kwenye friji katika chombo cha kioo au cha udongo, ikae hadi siku tatu. Mafuta ya zeituni yatafifia na kuganda kidogo, hayajaharibika. Itoe nusu saa kabla ya kula yatarudi. Usiigandishe, kwa sababu kiazi kilichogandishwa huwa na chengachenga na zukini hugeuka maji. Ikibaki kidogo isiyotosha sahani, ponda kwa uma, ipashe moto na maji kidogo, na uipake kwenye mkate au chapati ya moto.